Mtoni au Matopeni: Tunamkumbuka Fakhruddin wa Sindano

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Punguzeni moto kwenye hiyo mboga. Mtoto anayelia mpeni ziwa. Na wewe uliye dukani, mteja atasubiri. Ni mimi bibi yenu, Sauda Nangumbi, mwenye sauti kama mlango usiotiwa mafuta.

Leo tunamkumbuka Fakhruddin. Fakhruddin wa duka la vifaa, hapa Lindi mjini. Muuza misumari, kamba, rangi na makufuli. Arobaini yake ilisomwa Jumapili iliyopita, na pilau ilikuwa nzuri. Nilikula sahani yangu, na ya jirani yangu aliyekuwa analia.

Kuna watu wamenipigia simu. Wanasema, Bibi Sauda, safari hii usifanye mzaha, huyu alikuwa mtu mzima. Samahanini sana. Marehemu na mimi tulikuwa watani. Na mtani msibani hanyamazi. Nikinyamaza mimi, Fakhruddin atanidai huko nitakapomkuta.

Mtauliza, Mmwera wa Rutamba na Bohora wa Lindi wana utani tangu lini? Kwa asili hawana. Sisi tuliuokota dukani. Nilikuwa msichana, nimetumwa kufuli la ghala la korosho. Yeye kijana, kakaa kwenye kiti cha baba yake, kofia yake nyeupe ya nyuzi za dhahabu kichwani. Nikamwambia, "Kaka, kufuli lenu hili linafunguka kwa msumari." Akaniangalia. Akasema, "Dada, linafunguka kwa mwizi mwenye akili. Rutamba mnaye?"

Basi. Tangu siku ile aliniita mchumba mbele ya mkewe Insiya, na mimi nikamwita Insiya mke mwenzangu. Insiya akawa ananiwekea chai. Kila nikifika, ananiuliza, "Mke mwenzangu, leo umekuja kumchukua? Mbona unachelewa?"

Sasa niwapeleke mtoni, maana sifa ya Fakhruddin iko mtoni.

Alipopita miaka sitini, daktari alimwambia sukari yako iko juu, fanya mazoezi. Fakhruddin akasema anafanya, kila siku anapanda ngazi kushusha makopo ya rangi. Daktari hakucheka. Siku hizo hizo wakaja wageni wapiga makasia, wametoka Kilwa kwa vyombo vyembamba sana. Safari yao iliishia hapa Lindi. Fakhruddin alikuwa amewasaidia gundi na kamba, basi na wao walipoondoka wakamwachia vyombo vitatu.

Chombo chenyewe kinaitwa safski. Nimetamka vizuri? Ulimi wangu uliishia darasa la saba. Sisi tulikiita sindano. Ni kirefu, chembamba, chepesi. Hukai ndani, unakaa juu yake, miguu mbele, unakanyaga usukani kwa nyayo. Kasia lina bapa huku na bapa huku. Ukipiga chafya vibaya, umeshapinduka.

Kikundi kikawa watu watatu. Wa kwanza Klementi, mwalimu wa michezo, kifua kipana na maneno mapana zaidi. Wa pili Adija, mkaanga samaki wa sokoni, mikono iliyozoea kuinua karai la mafuta. Wa tatu Fakhruddin, na tumbo lake. Nyuma yao boti ya injini ya Majid, ya kuokota watakaoanguka. Na siku za mwanzo, nawaambieni, Majid aliokota mmoja tu, akamwokota tena, akamwokota tena.

Lakini Fakhruddin hakuacha. Alijifunza upepo wa nyuma. Ukipiga kasia upepo ukiwa mgongoni, wimbi linakuja nyuma yako, linakunyanyua, na ukilipata sawasawa linakubeba bure. Klementi alikuwa anayakimbilia mawimbi yote, anachoka. Fakhruddin akamwambia, "Mwalimu, wimbi ni mteja. Usimvute mkono barabarani. Mwache aingie mwenyewe dukani, ndiyo umshike." Adija anasema maneno yale ndiyo yaliyomfundisha. Klementi anasema alikuwa anajua.

Sasa mtoto wake Kumail, anayekaa Dar es Salaam, akasikia kwamba baba yake anatolewa mtoni kama kambare, na kwamba kikundi kinajiandaa kupanda mto mpaka Mingoyo. Akapiga simu. Nilikuwepo dukani, simu iko kwenye spika.

"Baba, hiyo safari yenu ya kwenda Mingoyo nakuja kuiona kwa macho yangu. Ukianguka mtoni, hata mara moja, tunafunga duka. Wewe na Mama mnakuja kukaa kwangu."

Fakhruddin akasema taratibu, kama mtu anayepima kamba, "Nikianguka mtoni."

"Mtoni, Baba."

"Haya. Tumekubaliana."

Alipokata simu hakutania. Mara ya kwanza kumwona hivyo. Alisema, "Sauda, huko nyumba ya mwanangu iko ghorofani. Dirisha linatazama dirisha. Nitamtania nani, lifti?"

Kwa hiyo, wasikilizaji, mshike hapo. Akianguka mtoni, Lindi hakai tena. Asipoanguka, anabaki.

Siku ikafika. Ilikuwa msimu wa kaskazi, upepo unatoka baharini unaingia mtoni kwa nguvu. Maji nayo yalikuwa yanatoka. Upepo unapanda mto, maji yanashuka, mawimbi yakasimama kama watu wanaogombania mkono wa mgeni rasmi. Kule kivukoni kila mtu alikuwa ameshika nguo yake.

Fakhruddin akachelewa. Tukamwona anakuja mbio kutoka kuswali, kanzu mwilini, kofia ya dhahabu kichwani. Insiya akapiga kelele, "Jaketi la kuelea liko wapi?" Akajigonga tumboni. Alikuwa amelivaa ndani! Kanzu juu ya jaketi! Nikamwambia, "Mchumba, hongera. Unatarajia lini?"

"Mapacha," akasema. "Mmoja nitamwita Sauda, yule mbishi."

Wakaingia majini. Sisi tukapanda boti ya Majid: mimi na kinasa sauti changu, Insiya na tasbihi yake, na Kumail na viatu vyake vya ngozi. Kumail alinisalimia, "Shikamoo, Bibi Sauda." Nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwombea baba yako aanguke?" Yeye alikuwa ameshika ukingo wa boti kwa mikono yote miwili.

Wasikilizaji wapendwa, sijaona kitu kama kile. Upepo uliingia kwenye ile kanzu kwa nyuma, mikono ikajaa, mgongo ukavimba kama andazi. Fakhruddin akaondoka! Alimpita Adija. Alimpita Klementi. Klementi akawa anapiga kelele, "Mzee! Hiyo ni tanga! Hairuhusiwi!"

Sauti ya Fakhruddin ikarudi na upepo, "Hii ni nguo ya ibada, Mwalimu! Ungeswali, ungekuwa nayo!"

Klementi ni Mkatoliki. Alicheka mpaka akakosa wimbi lake.

Insiya akafumba macho, tasbihi inakwenda. Mimi nilikuwa napiga vigelegele kwenye kinasa sauti. Kumail? Nilimwangalia kwa pembeni. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Nilidhani anahesabu makosa.

Tukafika kwenye kona, pale mikoko inapobana mto. Wale watatu wakazunguka kona, hatuwaoni. Na hapo hapo injini ya Majid ikazima. Mfuko wa plastiki umenasa kwenye pangaboi la injini. Majid akainamia nyuma, anatukana mfuko na aliyeutupa. Insiya macho amefumba. Mimi natafuta betri. Kumail akainama pembeni, mkono umefika majini. Nikajua huyu anatapika, mtoto wa mjini. Nikamgeuzia kisogo kwa heshima.

Injini ikawaka. Tukazunguka kona. Fakhruddin yuko mbele, anapiga kasia. Kanzu imeganda mwilini, imelowa mpaka shingoni. Kichwani hana kofia.

Insiya akafumbua macho. "Kofia yake iko wapi?"

"Upepo umeichukua!" Adija akapiga kelele, haraka kidogo kuliko alivyoulizwa.

Mimi nikajisemea, kofia ile inabana. Miaka yote upepo wa Lindi umepiga, haijawahi hata kuinama upande. Lakini sikuona kitu, na nisichokiona siapi.

Tukafika Mingoyo. Maji yalikuwa yameshatoka, ukingo wote matope meusi yanayometameta. Fakhruddin akafika wa kwanza. Akanyanyua kasia juu. Akatoa mguu mmoja kwenye sindano, akakanyaga. Akatoa wa pili.

Pwaa!

Alikwenda chini mzima, uso kwanza. Alipoinuka, Bohora mweupe alikuwa mweusi kuliko mimi.

Kumail akasimama botini. "Baba! Umeanguka!"

Fakhruddin akajifuta mdomo. "Nimeanguka wapi?"

"Hapo! Mtoni!"

"Mto uko wapi, Kumail? Nionyeshe mto."

"Baba, maji yakijaa hapo ni mtoni."

"Yakijaa. Yamejaa?" Akachota tope kwa mkono akalinyanyua. "Haya ni maji? Nikikuuzia tope nikakwambia ni rangi, utanilipa? Tulikubaliana mtoni. Hapa ni matopeni."

Klementi anasema ni mtoni, Adija anasema ni matopeni, Majid anasema kisheria inategemea. Watu wa Mingoyo wakajazana, kila mmoja na upande wake. Mimi wakaniita shahidi. Nikasema, "Mimi ni mchumba wake, ushahidi wangu haufai. Muulizeni mke mkubwa."

Insiya akashuka botini, gauni lake kalikunja kwa mkono mmoja, akayakanyaga yale matope. Akamtazama mumewe toka kichwani mpaka miguuni. Akasema, "Ni matopeni. Mtoni mtu anatoka msafi. Huyu nani atamfua?"

Watu wakaangua kicheko. Kumail akakaa chini taratibu. Akasema, "Haya. Matopeni." Niliona amekubali upesi mno kwa mtoto wa mfanyabiashara. Nikadhani ni kizunguzungu cha boti.

Hivyo ndivyo Fakhruddin alivyobaki Lindi. Duka halikufungwa. Miaka kadhaa zaidi tukatukanana kila nilipopita. Kila kaskazi wakaenda Mingoyo, Klementi naye akashona kanzu yake. Sukari ikashuka, tumbo likagoma kushuka.

Alifariki Alhamisi, mchana, nyumbani kwake, juu ya duka lake. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Insiya anasema alikuwa amelala baada ya chakula, dirisha wazi. Aliuliza upepo unatoka wapi. Insiya akamjibu unatoka baharini. Akasema, "Mzuri huo," akageukia ukutani.

Siku ya mazishi wanaume waliporudi kutoka makaburini, Kumail alipanda juu tulipokuwa tumekaa wanawake. Akapiga magoti mbele ya mama yake na mbele yangu. Akatoa kitu kifuani, kimefungwa kwenye leso.

Kofia. Nyeupe, nyuzi za dhahabu. Ukingoni alama ya maji ya chumvi ambayo haikutoka.

"Mama," akasema, "nilikuta inaelea pale kwenye kona. Nikajua ameanguka. Nikaificha ndani ya shati kabla hamjageuka."

Kumbe hakuwa anatapika!

Insiya akaishika ile kofia. Nikauliza mimi, maana mtani ana ruhusa, "Mtoto wewe, si ulikuja kumchukua? Ushahidi ulikuwa nao mkononi. Mbona uliificha?"

Kumail akasema, "Bibi, nilikuja kumchukua kweli. Lakini kabla ya kona nilimwona anavyocheka. Mimi sijawahi kumchekesha Baba hivyo. Nikaona nikimpeleka Dar nitakuwa nimechukua kanzu tu, mwenyewe nimemwacha mtoni."

"Na yale mabishano ya matopeni?"

"Bila kubishana angejua kwamba najua."

Adija alikuwa pembeni, akaanza kulia na kucheka pamoja. Akakiri kwamba yeye na Klementi ndio walioshika chombo mzee apande tena, na kwamba mzee aliwaapisha pale pale, majini mpaka kidevuni, kwa kichwa cha kila mmoja. Kwa hiyo baba alimficha mtoto, na mtoto alimficha baba, na wote wawili wakabishana juu ya tope mbele ya Mingoyo nzima.

Jumapili, baada ya arobaini, Kumail aliteremsha ile sindano ya baba yake. Akavaa jaketi, akavaa kanzu juu yake, na kofia ile ile kichwani. Akakaa. Akapiga kasia moja. La pili hakulifikia. Alipinduka pale pale kivukoni, maji yamejaa, mbele ya abiria wote wa kivuko.

Insiya, na kilio chake chote, akasimama ukingoni akapaza sauti, "Kumail! Hapo ni mtoni au matopeni?"

Akaibuka, kofia ameishika mkononi. "Mtoni, Mama! Mtoni kabisa!"

Ameongeza likizo. Klementi anamfundisha, na anadai yale maneno ya wimbi na mteja ni yake.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mke mwenzangu Insiya, kwa Kumail na wote wa nyumba ile, kwa Adija, Klementi na Majid, poleni. Mungu amlaze Fakhruddin mahali pema, na kama huko kuna mto, ampe upepo wa nyuma.

Na ninyi mnaonisikiliza, nina swali moja tu. Yapo mambo yako uliyodhani yamefichika vizuri. Ulianguka, ukapanda tena, ukasema ni upepo. Kaeni mfikirie taratibu, nani hapo nyumbani aliinama pembeni siku ile, ukadhani anatapika? Mwiteni leo mnywe naye chai, angali yuko.