Mlinzi wa Viatu

Ndani ya basi, bibi wa kiti cha dirishani hakutulia. Kila kona alichungulia mto. "Wanangu na wajukuu watashuka maporomoko kwa boti ya mpira," alimwambia fundi cherehani aliyeketi naye, ingawa hawakujuana. "Mimi wamenipangia kulinda viatu."

"Si ni kwa sababu ya umri, mama?"

"Mwisho miaka sitini. Kwenye fomu ya boti nimeandika hamsini na tano."

"Na kifungua mimba wako ana miaka mingapi?"

"Arobaini na tisa."

Fundi akahesabu kwa vidole, akamwomba Mungu amzuilie kicheko. "Basi ulimzaa una miaka sita."

Mbele ya basi, kifungua mimba huyo alikuwa akizipitia fomu moja moja. Basi likasimama. Bibi akavua viatu, akamwekea mwanawe juu ya fomu.

"Nilindie, baba."

Akateremka wa kwanza.