Sehemu ya Beda

Kijiwe cha Yusrah kipo Magomeni, Kilosa mjini, ubavuni mwa genge la nyanya: mabenchi mawili ya mbao, jiko la mkaa na birika la kahawa. Asubuhi ile walikuwapo watatu wa kila siku. Bonifas aliitwa Wakili, maana hakosi kesi mahakama ya mwanzo ingawa hakuna hata moja iliyowahi kumhusu. Petro aliitwa Redio, na hilo halihitaji maelezo. Wa tatu alikuwa Wenceslaus, fundi baiskeli, ambaye wote walimwita Wense, na yeye ndiye mwenye jambo. Mdogo wake Beda, aliyeondoka Kilosa angali kijana kwenda kuvua dagaa Ziwa Viktoria, alifariki mwezi wa nne kwenye kisiwa kiitwacho Mulutanga. Alizikwa hukohuko kabla habari hazijafika, matanga yakawekwa huku bila maiti. Baadaye mwenyekiti wa kisiwa akapiga simu kwamba marehemu ameacha nyumba, ndugu waende. Wense alikuwa bado hajaenda, na kijiwe kilikuwa bado hakijamaliza kumshauri.

— Mimi ningekuwa nimeshafika, alisema Redio. Nyumba ya kisiwani siku hizi ni dili. Hao wazungu wa Mikumi wakichoka kutazama tembo, wanataka nini? Samaki.

— Kisiwa chenyewe unakijua? aliuliza Wakili.

— Nilipeleka vitunguu Mwanza.

— Mwanza siyo kisiwa.

— Nilikiona kwa mbali, bwana. Kimekaa kama chungu kilichofunikwa.

Wakili aliweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, ujue sheria inakuja.

— Sikilizeni. Kujenga ndani ya mita sitini kutoka kwenye maji ni marufuku. Wense, Beda alikwambia kisiwa kina ukubwa gani?

— Alisema ukimgombeza mtu upande huu, wa upande wa pili anaitikia akidhani ni yeye.

— Haya. Pima mita sitini huku, pima sitini kule. Zinakutana katikati, zinapishana. Kisheria, Mulutanga hakuna nyumba hata moja.

— Sasa Beda alikuwa analala wapi? aliuliza Yusrah, akimimina.

— Kimwili alikuwa analala. Kisheria hapana.

Wense alicheka kidogo. Ziwa hakuwahi kuliona. Maji mengi aliyoyajua ni ya mto Mkondoa wakati wa masika. Kila akijaribu kuiona nyumba ya mdogo wake akilini, ilimjia nyumba ya Kilosa, ya tofali za kuchoma, imezungukwa na maji pande zote, na Beda yule wa zamani kasimama mlangoni.

— Nyumba zenyewe ni mabati matupu, ukutani hadi juu, alisema Redio. Samaki wakihama, wanang'oa, wanapakia kwenye mtumbwi, wanahama nayo. Unaweza kufunga safari ukakuta nyumba ya marehemu imeshavuka Uganda.

— Yenyewe?

— Zipo zinazovuka zenyewe! Kuna kambi zimejengwa juu ya magugumaji. Mnalala Tanzania, upepo unavuma, mnaamka mnasalimiwa Kiganda. Huko nyumba inapata pasipoti kabla ya mwenye nyumba.

— Redio, punguza sauti ya uongo, alisema Yusrah.

Bodaboda ilisimama, akashuka mwanamke wa makamo mwenye kitenge cha bluu na begi lililofungwa kwa kipande cha wavu. Aliwaamkia, wakaitikia marahaba bila kugeuka. Yusrah akamsogezea kigoda na kikombe. Mazungumzo yakaendelea juu ya kichwa chake.

— Mimi mabati yangenitosha, alikiri Wense. Jiko langu linavuja. Ila mwenyekiti alisema humo ndani yumo mwanamke.

— Mwanamke gani?

— Alisema mke wa marehemu.

— Cheti cha ndoa kipo? Wakili alidaka. Hakipo! Wale ni wa kambini. Kambi ikihama, na ndoa imehama. Unafika, unamsalimia kwa heshima zote, unamwambia shemeji asante, unang'oa mabati yako.

— Na aliyemuuguza? aliuliza Yusrah. Na aliyemfumba macho? Huyo naye kahama na kambi?

— Yusrah, hapa tunazungumzia mali.

— Na huku, sehemu yake ni ipi? aliuliza yule mwanamke.

Walimgeukia wote kwa pamoja.

— Sehemu ya nani, mama?

— Ya Beda. Naona mnagawa ya kule. Nauliza ya huku, kwenye shamba la wazazi wake. Sehemu yake ni ipi?

Wakili aliinua kikombe ambacho hakikuwa na kitu, akakinywa. Shamba lipo Zombo. Tangu mama yao afariki, Wense alikuwa akililima lote, kutoka barabarani hadi mtoni, na hakuna siku hata moja mtu aliwahi kumuuliza swali hilo.

— Wewe ni nani, mama? alisema taratibu.

— Hildegarda. Mimi ndiye wa kambini.

Hakusema kwa ukali. Alieleza kama mtu aliyeulizwa tu alikotoka. Walisubiri ndugu, ndugu hawakuja. Dagaa wakapungua, kambi ikahamia mwalo mwingine wa wavuvi, na ardhi ya pale si ya mtu. Ukishang'oa, palipokuwa na nyumba yako panabaki mchanga. Mabati aliyang'oa mwenyewe akayauza, yakawa nauli: mtumbwi wa mashine, kivuko, basi hadi Dodoma, kisha treni ya mwendokasi ikamshusha Kilosa.

— Beda alisema nikikwama niulize fundi Wense wa Magomeni. Alisema mama yenu aliligawa shamba kati yenu wawili. Mpaka hakuujua, alikuwa mdogo.

— Hapakuwa na mpaka, alisema Wense.

— Basi ni ipi?

Wakili alikohoa, kama anayetaka kutaja kifungu. Yusrah alimtazama, naye akaacha.

Wense alisimama, akachukua begi la Hildegarda.

— Twende ukalione, shemeji.

Walikwenda kwa bodaboda mbili. Zombo jua lilikuwa kali na udongo mkavu. Wense alisimama katikati ya shamba, akanyoosha mkono upande wa mtoni, kwenye udongo mweusi.

— Kule chini mahindi yanakubali sana. Ila masika maji hupanda, mwaka mwingine yanachukua kila kitu. Huku juu maji hayafiki. Chagua.

Hildegarda alishuka hadi mtoni, akachota udongo, akarudi polepole.

— Nichukue huku juu. Hizi mbaazi ni za nani?

— Zangu.

— Nitasubiri uvune kwanza.

Wense aliziangalia. Zilikuwa zimebeba vizuri, na mteja wa Kilosa mjini alikuwa ameshaziulizia. Alijikuna shingo.

— Ukisubiri utakula nini? Zipo kwenye sehemu ya Beda. Tutavuna wote.

Alikwenda kuazima kamba kwa jirani, akang'oa machipukizi ya mkonge kando ya njia ili wayapande mpakani. Akafunga kamba kwenye kigingi pembeni mwa shamba, katikati ya barabara na mto, akampa Hildegarda ncha ya pili, naye akaenda nayo kupita kando ya mbaazi, akigeuka kila mara kuuliza kama imenyooka.