Jaruba la Bashay: Historia ya Marehemu Benedikta Hhando na Mkono Wake wa Kulia

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu, majirani, na ninyi watoto mliokaa hapa mbele kwenye mkeka, kabla sijasoma tarehe hata moja nawaomba mfumbe macho kidogo, mlione jaruba moja la vitunguu saumu, dogo tu, halizidi chumba cha kulala, na miche yake ndiyo kwanza imeota. Mstari wa kwanza umepinda wote, majani mengine yametokea ubavuni, mengine yanarudi chini kana kwamba yamesahau kitu udongoni. Mistari ya katikati imechanganyika, mche mmoja umesimama na mwenzake umelala, lakini ule mstari wa mwisho, ulio karibu na mfereji, umenyooka kama uzi uliovutwa. Jaruba hilo lilikuwa hapa Bashay, nyuma ya nyumba hii, mwaka 2003, na lilipandwa na mkono wa kulia wa dada yangu peke yake. Sasa fumbueni macho, twende taratibu tangu mwanzo.

Mimi ni Eva Hhando, mdogo wake marehemu, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, na ninasoma kwa niaba ya familia.

Marehemu Benedikta Hhando alizaliwa tarehe 14 Septemba 1951 katika kijiji cha Masieda, wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mzee Hhando Qamara na mama yetu Getruda, watu wa mahindi, maharage na ng'ombe wachache, akabatizwa mwaka huo huo kabla ya Noeli. Alianza shule ya msingi hapo Masieda mwaka 1961, akamaliza darasa la saba mwaka 1967, na walimu wake walimkumbuka kwa mwandiko wake, ambao ulikuwa mdogo, wa duara, usiotoka nje ya mstari. Mwaka 1968 alipelekwa kwa masista Mbulu mjini kujifunza kushona na kudarizi, akakaa huko miaka miwili, akarudi nyumbani na sindano zake zimechomekwa kwenye kipande cha blanketi, kipande ambacho watoto wake wanacho hadi leo.

Kazi yake ilikuwa kudarizi mashuka ya maharusi. Akina mama mlio hapa mnajua kwamba kwa muda mrefu bibi harusi wa upande huu hakutoka kwao bila shuka la mkono wa Benedikta. Katika miaka ya themanini, vitu vilipoadimika madukani, alifumua sweta kuukuu apate nyuzi za rangi, na biashara ilipofunguliwa, mitumba ikajaa gulioni Mbulu, yakaja na mashuka yenye maua yaliyochapwa tayari kiwandani, wapo waliomwambia kazi yake imekwisha. Aliwajibu kwamba ua la kiwandani halimjui bibi harusi jina, akaendelea kushona.

Tarehe 23 Novemba 1974, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa kanisani Mbulu na Bwana Patriki Gidamis, kijana wa kutoka tambarare za Hanang, mfugaji na mtoto wa wafugaji, aliyepanda huku juu kuuza mitamba akashindwa kurudi. Wakajenga hapa Bashay, wakajaliwa watoto watatu, Maximilian mwaka 1976, Isidori mwaka 1979 na Judica mwaka 1983, na shemeji yangu Patriki tunaye hapa, amekaa upande wangu wa kushoto, tunamshukuru Mungu.

Sasa nafika mahali ambapo marehemu mwenyewe aliniagiza nisipapite haraka.

Jumapili tarehe 11 Agosti 2002, asubuhi, akijiandaa kwenda misani, alikuwa anafunga kifungo cha juu cha blauzi, kikamponyoka, akakishika tena, kikamponyoka tena, na mara ya tatu mkono wenyewe ukaanguka ubavuni kama kitu kisicho chake. Kilikuwa kiharusi. Alilazwa hospitalini wiki kadhaa, mguu ukarudi, ulimi ukarudi, lakini mkono wa kulia ulirudi nusu tu, bega liliinuka, kiwiko kilikunjika, na vidole vilikaa vimekunjamana kama vya mtoto mchanga. Ulikuwa mwaka ule ule Mbulu ilipotolewa mkoa wa Arusha ikaingizwa mkoa mpya wa Manyara, na wageni walipokuja kumpa pole aliwachekesha, akasema wilaya nzima imehamishwa mkoa bila kusogea hata hatua, basi hata mkono wake bado uko pale pale begani, ni vile tu hajajua siku hizi unaripoti kwa nani.

Alicheka mbele za watu, lakini peke yake hakucheka. Judica, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alikuwa amekwisha kuchumbiwa, na mama aliyewadarizia mabinti wa kata nzima hakuweza kushika sindano kwa ajili ya binti yake mwenyewe. Judica aliposhauriwa anunue shuka la dukani alisema ataolewa akiwa na shuka la mama au atasubiri, na maneno hayo yalimwingia dada yangu moyoni kuliko ugonjwa.

Jambo lingine lilikuwa salamu. Huku kwetu humpi mzee mkono wa kushoto, na mzee Nicodemo, jirani yetu, ambaye leo ameletwa hapa kwenye kiti chake, alipopewa shikamoo ya mkono wa kushoto aliuangalia ule mkono, akauficha wake nyuma, akasema, "Hiyo siipokei, binti Hhando, nitangoja ile ya kulia." Akawa kila akipita anachungulia uani na kuuliza, "Imeiva?" naye anajibiwa, "Bado mbichi, mzee, pita tu."

Ndugu zangu, sisi ni watu wa kusaidiana, na wema wetu huo karibu umnyime mkono. Mgonjwa kwetu haguswi na kazi. Majirani walimpukuchulia mahindi, wakwe wakamchambulia maharage, mmoja akamlisha, mwingine akamfunga vifungo, na vidole vile, visivyoitwa na mtu yeyote, vikazidi kulala. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alikuwa ameeleza kwamba mkono usiotumwa husahau njia, lakini nani angekubali kuonekana na jirani anamtuma mgonjwa? Aliyelisema kwa lugha ya nyumbani ni shemeji yangu Patriki, aliyesema kwamba kwao Hanang ndama mwenye mguu mbovu habebwi kila siku, maana akizoea mabega ya watu atasahau kwamba ana miguu.

Mwezi Mei mwaka 2003, mvua zilipoanza kupungua, majirani walikuja kumpandia vitunguu saumu, kama ilivyo desturi, kila mmoja na ndoo yake ya punje zilizokwisha kutenganishwa. Watoto, mnajua kwamba punje ya kitunguu saumu ina kitako na ina ncha, kitako kinakaa chini na ncha inaangalia juu, na hupandwa moja moja kwa vidole, hairushwi kama mtama. Dada yangu aliomba aachiwe lile jaruba la pembeni. Mama Hilaria, jirani yetu mpenzi, alishika kiuno akasema, "Mama Maxi, unataka watu wa Bashay waseme tunakutesa?" naye akamjibu, "Waambie mimi ndiye ninayewatesa ninyi, maana leo mtakaa hapo mnitazame na mikono yenu mitupu."

Akauficha mkono wa kushoto ndani ya lubega lake, akalifunga fundo, akakaa chini udongoni. Punje ya kwanza ilimponyoka, ya pili ikamponyoka, na zile alizofanikiwa kuziingiza hakuweza kuzigeuza, kwa sababu vidole havikuweza kuhisi ncha iko wapi, basi nyingi ziliingia kichwa chini. Majirani waliona. Mama Hilaria alinyanyuka mara mbili kwenda kuzigeuza, na mara zote mbili shemeji yangu alimkalisha kwa macho. Kwa siku zilizofuata dada yangu alirudi kila asubuhi, akapanda kidogo, akapumzika, akapanda tena, na hakumruhusu mtu kurekebisha punje hata moja, alisema anataka zimwonyeshe zenyewe alipokosea.

Zilipoota ndipo lilipoonekana lile jaruba nililowaomba mlione. Mzee Nicodemo alisimama mferejini, akaegemea fimbo, akauliza, "Binti Hhando, hivi vya mwanzo vimelewa?" naye akasema, "Vimelewa, mzee, lakini fuata mstari, utaona vinakwenda nyumbani." Na kweli mzee alifuata kwa fimbo yake, mstari kwa mstari, kutoka vilivyolala hadi vilivyosimama, na alipofika ule wa mwisho akavua kofia.

Kutoka hapo hakuna aliyeona aibu tena kumwacha afanye. Alivuna vitunguu vyake, vile vilivyopandwa kichwa chini vikiwa vidogo na shingo zao zimejikunja, akavifunga fungu moja akavitundika jikoni. Akaanza na sindano ya gunia na kamba ya katani, akashona magunia ya mahindi ya nyumba hii na ya majirani, kisha sindano ya godoro, kisha akaweka viraka vya mablanketi, kama sisi walimu tunavyoanza na kalamu nene kabla ya nyembamba. Mwanzoni mwa mwaka 2005 aliivuta fremu yake ya duara kutoka chini ya kitanda, akaingiza uzi mwekundu kwenye tundu la sindano ndogo kwa mkono wake wa kulia, na Judica aliyekuwa anaosha vyombo nje anasema alisikia mama anapiga vigelegele chumbani peke yake, akadhani kuna mtoto amezaliwa.

Judica alifunga ndoa Jumamosi tarehe 24 Septemba 2005. Shuka lilipokunjuliwa mbele ya akina mama, likaonekana limezungushiwa majani ya vitunguu saumu ukingo mzima, ya kijani, membamba, yaliyosimama sawasawa, ila katika pembe moja majani yamepinda na kulala. Mama mmoja akanong'ona, kwa huruma, kwamba maskini, mkono bado haujakaza. Dada yangu alisikia, akacheka hadi akashika ukuta, akasema, "Hayo nimeyapinda makusudi, wenzangu. Mwaka juzi nilipinda kwa kushindwa, mwaka huu nimepinda kwa kupenda, na ninyi mafundi mjaribu muone lipi gumu." Vigelegele vilivyofuata vilisikika hadi barabarani. Kisha akavuka ua mbele ya watu wote, akapiga goti kidogo, akamnyooshea mzee Nicodemo mkono wa kulia, vidole vyote vitano vimenyooka, akasema shikamoo, na mzee akauchukua kwa mikono yake miwili, akasema, "Marahaba, binti Hhando. Sasa imeiva."

Kuanzia mwaka huo hadi mwaka jana alidarizi mashuka ya maharusi wa Bashay, Masieda, Mbulu mjini na hata Hanang kwa wakwe zetu, akafundisha mabinti barazani kila Jumamosi, na alikuwa na sheria moja tu, kwamba binti akikwama, mwenzake asimpokonye sindano.

Mwezi Novemba 2013 moyo wake ulianza kuchoka, akapata matibabu, akarudi nyumbani kwa hiari yake. Jumatatu tarehe 17 Machi 2014 aliamka kukiwa na baridi, akavaa sweta, akafunga vifungo vyote mwenyewe hadi cha juu kabisa, akaomba chai, na kabla chai haijapoa alikuwa amekwenda, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mwaka 2002 na safari hii ya mwisho, na yule mtaalamu wa mazoezi ambaye hakuchoka kuvikunjua vidole vile kimoja kimoja, inawashukuru Baba Paroko na wanajumuiya, wadarizi wenzake na wanafunzi wake, na majirani wote, nawe Mama Hilaria zaidi, kwa sababu kukaa chini ukamtazama mtu unayempenda akikosea ni kazi nzito kuliko kupanda shamba zima. Wote ambao sikuwataja, tunawaombea baraka.

Dada Benedikta, umelala na mkono wako mzima. Utulie sasa kwa amani ya Mungu, kazi uliyoishika umeimaliza.

Na ninyi mliobaki, wakubwa kwa watoto, sina ombi kubwa. Kesho asubuhi, mtakapomwona mtoto au mgonjwa anahangaika na kifungo chake, na mikono yenu inawasha kumsaidia, likumbukeni lile jaruba, mkae kidogo, mngoje.