Mama Tope na Mashimo Manne

Ndugu, majirani, walimu na wanafunzi mliofika kutusindikiza, familia imemteua mdogo wake marehemu, yule anayemfuata kwa kuzaliwa, awasomee maisha ya dada yake, naye anaomba mumvumilie, maana sauti yake leo haimtii.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Aprili 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha matofali, mtoto wa pili kati ya watano wa mfyatua matofali na mshona nguo, na mama yao alipenda kusema kwamba mtoto huyu alipojua kutambaa alikwenda moja kwa moja kwenye rundo la udongo, akapaona kwao.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1970, kidato cha nne 1974 na cha sita 1976, na Julai 1977 akajiunga na chuo kikuu kusomea sayansi ya udongo, ambako akiwa mwaka wa pili tu mhadhiri wake alimkabidhi jembe na daftari, akamwambia hamhitaji kwa kubeba bali kwa kufikiri, neno lililomkaa moyoni hadi mwisho.

Aliajiriwa chuoni hapo tarehe 1 Agosti 1981, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1988. Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983 na fundi wa pampu za maji, mtu mpole aliyezoea kufua nguo zenye matope bila kuuliza yametoka wapi, wakajaliwa watoto watatu, muuguzi, fundi umeme na mwalimu, wote wako hapa mbele yenu.

Kuanzia mwaka 1994 marehemu alichukua kila mwaka wanafunzi sita wa shahada ya kwanza awalee katika utafiti, tena si wa idara yake peke yake, wa takwimu, wa historia, hata mmoja wa lugha aliyekusanya majina ambayo wakulima huyapa mashamba yao, na wenzake walipomcheka kwamba anafuga kuku na bata banda moja, alijibu kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye anataka wengi wa kuinama. Hao ndio waliomwita Mama Tope. Kila Ijumaa saa nne walisimama kando ya sinki la maabara, kila mmoja akataja kosa alilolifanya wiki hiyo, na asiyekuwa nalo alirudishwa akatafute vizuri.

Mwaka 1999 alikuwa amechapisha utafiti wa chumvi katika mashamba ya umwagiliaji, uliotokana na mashimo kumi ya kuchotea sampuli za udongo, za juu na za chini, nao ndio uliokuwa nguzo ya maombi yake ya uprofesa, cheo alichokisubiri miaka mingi, na kamati ilipangwa kukaa tarehe 9 Juni 2006. Aprili ya mwaka huo binti mmoja wa takwimu, mwaka wa pili, aliyepewa takwimu zile azifanyie mazoezi, aliona kwamba chumvi ya mashimo manne inakwenda kinyume na ya yale sita, akakaa na jambo hilo wiki tatu, kila Ijumaa akitaja vikosa vya kumwaga maji na kusahau kalamu, hadi Ijumaa ya nne alipopiga moyo konde akasema, "Mama, kosa la wiki hii si langu."

Marehemu alifunga bomba, akamuuliza amehesabu mara ngapi, binti akasema tatu, naye akamwambia, "Basi tuhesabu ya nne, mimi nikiwa nimekaa hapa." Waliteremsha madaftari ya shambani, na kabla ya adhuhuri akauona mwandiko wake mwenyewe, kwamba katika mashimo yale manne alichota kuanzia chini ili udongo wa juu usidondokee wa chini, akaipa sampuli ya chini namba moja, kisha ofisini akaisoma kama ya juu. Aliumia sana, mumewe anasema alilia huku akiosha vyombo, lakini Jumatatu aliliandikia jarida na kuondoa maombi yake, na makala ya masahihisho ilipotoka Machi 2007 jina la binti lilitangulia la kwake.

Mdogo wake, huyu anayesoma, alikuwa ameshautangazia ukoo mzima kwamba dada anakuwa profesa, na kushona suti, akamfuata dada yake kwa hasira akamuuliza kwa nini asingoje kamati ikae kwanza, kwani nani angejua. Marehemu akasema, "Binti anajua. Nimemfundisha mwenyewe." Binti alipokuja nyumbani Julai ile kusalimia, mdogo mtu alimsimamisha mlangoni, akamwambia ametutia mchanga kwenye kitumbua, akamrudisha.

Aliomba tena mwaka 2013, kamati haikumpitisha, akastaafu tarehe 30 Juni 2017 akiwa Mhadhiri Mwandamizi. Figo zilianza kumsumbua Februari 2023, akalazwa mara tatu, na tarehe 6 Septemba 2023, saa nane mchana, mumewe akiwa amemshika mkono, akatutoka, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotupikia na kulala nasi, wahadhiri wenzake, na wanafunzi waliopokezana zamu kumsomea magazeti. Yule binti, ambaye sasa ni mhadhiri na analea sita wake, alishika zamu nyingi kuliko wote, na mdogo wake marehemu anamwomba radhi hadharani, kwa kuwa hadharani ndiko alikojisifu.

Juzi mdogo mtu alimpelekea binti huyo maandishi haya, akamwomba ayahakiki kabla hayajasomwa. Amekuta makosa mawili, mwaka wa kidato cha sita, na neno Profesa ambalo kaka huyu anayewasomea alikuwa ameliweka mbele ya jina la dada yake. Yote mawili yamesahihishwa.

Dada, lala, upumzike kwa amani.