Jenereta Imenyamaza

Kijiwe chetu cha Newala kilikuwa gogo moja la mkorosho na birika la kahawa la Silvano, ng'ambo ya barabara kutoka hospitali mpya ya mifupa. Ilijengwa miaka ile ya vita vya Msumbiji, kwa ajili ya waliokanyaga mabomu kule Ruvuma. Fedha zilikuwa haba, basi mhandisi akaipa jenereta moja tu, akalifanya paa zima likusanye mvua, na tangi akalipandisha kwenye mwinuko ili maji yateremke yenyewe. Asubuhi hiyo katika chumba cha upasuaji alikuwamo Mama Haji, mke wa Bwanali, aliyevunjika mguu. Daktari alisema ataufungua mguu kwanza, halafu ama ataunga mfupa, ama ataukata. Bwanali tulimwita Redio kwa sababu hazimiki. Siku hiyo alizimika. Tulikaa tukisikiliza jenereta ikiunguruma, mara ikanyamaza.

— Mmesikia? akauliza Petro.

— Tusikie nini? Kimya!

— Si ndicho hicho ninachosema?

Petro tulimwita Rada. Alizisikia ndege za Wareno kabla hazijapaa.

— Wareno hao, akasema. Wana ndege mpya. Inapita juu, mitambo yote chini inakufa.

— Mbona hatukuiona?

— Haionekani wala haisikiki. Ndiyo ubaya wake.

Silvano, mjumbe wetu wa nyumba kumi, tulimwita Azimio, kwa kupenda hotuba.

— Hii ni hujuma, ndugu zangu. Mabepari wametia maji kwenye dizeli.

— Maji? Newala hii? nikamkata. Mke wangu anateremka bondeni alfajiri kwa ajili ya debe moja, bepari ayamwage kwenye dizeli!

— Haya, Injinia, tueleze wewe basi.

Injinia ndiye mimi. Nilifika Mombasa, Aden na Bombay melini. Kazi yangu ilikuwa kumenya viazi, lakini jiko lilipakana na injini.

— Kosa ni tangi, nikasema. Liko juu mno. Maji yakiteremka yanavuta hewa yote, jenereta inakosa pumzi. Nilishuhudia Aden.

— Ulishuhudia ukiwa umeshika kisu au kiazi? akadakia Petro.

— Na ikikosa pumzi, nikaendelea, maana nikishaanza sishikiki, inaweza kuvuta hata paa.

— Jamani, akasema Bwanali, neno lake la kwanza tangu alfajiri. Mke wangu yumo humo ndani. Kisu kiko mguuni na taa zimezimika.

Tukanywea. Silvano akammiminia kahawa, nusu ikaishia mchangani.

Hapo akavuka barabara Mabel, muuguzi aliyetoka Ndanda juzi juzi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu, tukajibu kwa sauti za msibani.

— Baba Haji, kwema. Mfupa umeungwa, mguu anao. Ameamka, anauliza nani kafungulia kuku.

Bwanali akainuka kwenye gogo.

— Na jenereta? akauliza Petro. Nani kaizima?

— Sisi wenyewe. Upasuaji ukiisha tunazima, dizeli ibaki ya mgonjwa wa kesho. Kwani hamkuelezwa kwenye mkutano?

Sote tukamgeukia Silvano, aliyehudhuria kwa niaba yetu. Silvano akachungulia ndani ya birika kana kwamba majibu yamo humo.

Kumbe kile kimya tulichokuwa tunakililia ndicho kilikuwa habari njema.

— Kuku! Redio ikawaka. Wallahi sijawafungulia! Wamo bandani mpaka sasa, na yule jogoo wake, ataniua huyu mwanamke, mguu mmoja au miwili ataniua! Akacheka huku machozi yakimtiririka.

Mabel akatutazama mmoja mmoja.

— Lakini wazee wangu, mlango ni ule pale. Mbona hakuna aliyekuja kuuliza?

Petro akatazama angani. Mimi nikakumbuka nina kiatu cha kufunga. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Bwanali alikwisha kuvuka barabara, kahawa mkononi.

— Kikombe changu! akapiga kelele Silvano.

— Kifuate wodini! akajibu bila kugeuka.

Tukatazamana. Silvano akatikisa birika, tupu. Tukanyanyuka, tukamfuata.