Mzee Shitanda na Klarineti ya Mwaka wa 1911

Ifikapo tarehe 31 Agosti 1996, Mzee Zablon Shitanda atavua aproni yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia karakana yetu ya ala za bendi kwa miaka thelathini na mitatu. Aliingia mwaka wa 1963 kufagia vumbi la mbao. Anatoka akiwa fundi mkuu, mtu ambaye shule na makanisa kutoka Makadara hadi Kisumu humletea ala zao zikiwa zimefungwa kwa blanketi kama watoto wachanga.

Kuziba nyufa na kubadilisha vibonye ni kazi ambayo mafundi wetu wengi wanaiweza. Kuijua ala ilizaliwa mwaka gani ni kazi ya Mzee. Klarineti au filimbi ya mbao ikitoka kiwandani hupigwa namba. Namba ikiwa imefifia, yeye huisugua kwa chaki ya ubaoni mpaka ijitokeze nyeupe, kisha hufungua kabati lake lenye nakala za orodha za viwanda vya London na Paris. Ameziomba orodha hizo kwa barua tangu enzi za ujana wake, na stempu alinunua mwenyewe. Hata hivyo haamini namba peke yake, kwa sababu kuna kiwanda kilichoanza kuhesabu upya baada ya vita. Huangalia pia umbo la vibonye na hata vichwa vya skrubu. Na kwa kuwa klarineti nyingi ni za mpingo, mti wa huku kwetu Afrika Mashariki, hupenda kututania hivi: "Huu mti ulienda Ulaya bila paspoti, ukarudi na kitambulisho."

Wateja wanampenda mno. Bi Falis, mfanyabiashara wa nguo kule Pumwani, alileta filimbi aliyoambiwa ina umri wa miaka mia moja. Mzee alipekua, akamwambia kwa upole kwamba ni ya mwaka wa 1948. Bi Falis aliangua kicheko. "Wallahi huyu ni rika langu! Mzee, usimwambie mtu yeyote." Mpaka leo filimbi hiyo imetundikwa dukani kwake, na wateja wakimuuliza ina miaka mingapi, yeye huwauliza wanataka vitambaa vya rangi gani.

Lakini kisa nitakachokipenda maisha yangu yote ni cha mwaka wa 1994. Mchana mmoja wa Jumatano aliingia hapo mapokezi kijana mrefu mwenye macho ya huzuni, akiwa amekumbatia klarineti. Aliitwa Wesonga, wa bendi ya kanisa moja la mtaa wa Umoja. Nilimwandikia risiti nikakosea jina lake mara mbili, maana sikuwa naiangalia karatasi. Wasomaji mtanisamehe, nimeolewa Aprili tu, na bado nikilitamka jina hilo moyo unaruka.

Wesonga alikuwa na shida kubwa. Klarineti yake ilikataa kabisa kukubaliana na wenzake. Mwalimu wa bendi, Bwana Nabiswa, alikuwa amempa hadi Jumapili: asipopiga sawasawa, airudishe ala na aondoke kwenye bendi. Na mwanabendi mwenzake, Mulwa, hakumwacha apumue. "Wesh, ukipuliza hata kuku wa jirani wanaingia kulala mapema!" Wesonga alikuwa ameanza kuamini kwamba hana masikio ya muziki, ilhali muziki ndio kitu pekee alichokuwa akikipenda. Wakati huo, nasema.

Mzee hakumuuliza mengi. Alitenganisha klarineti, akasugua chaki, akacheka. Kipande cha juu kilikuwa na namba yake na cha chini kilikuwa na namba nyingine kabisa. "Kijana, hapa umeoa kichwa cha huyu na miguu ya yule. Hizi ala mnazifanyia nini huko?"

Ndipo Wesonga akaeleza desturi yao. Kila Desemba, kabla ya Krismasi, bendi nzima huzifungua klarineti, huzipaka mafuta na kuzianika zote juu ya mkeka mmoja uwanjani. Zikikauka, kila mtu huokota kipande cha juu na cha chini. Zote ni nyeusi, nani atajua?

Ijumaa Mzee alifunga safari hadi Umoja na chaki yake mfukoni. Nusu zilizolingana na zile za klarineti ya Wesonga zilipatikana mikononi mwa nani? Mulwa! Yeye alikuwa akipuliza kwa adabu sana, kwa sauti ya chini, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akikosea. Vipande vikaunganishwa, Wesonga akapuliza pamoja na bendi, na masikitiko yakarudi pale pale. Kile kipande chake cha juu kilikuwa kimepata cha chini chenye namba moja nacho, lakini sauti bado ilikuwa juu ya wenzake wote. Bwana Nabiswa alitikisa kichwa. "Mzee, umejaribu. Tatizo ni huyu."

Mzee alirudi karakana akafungua kabati. Namba ile ilikuwa ya mwaka wa 1911. Miaka hiyo bendi nyingi za Uingereza zilipiga kwa sauti iliyo juu kidogo kuliko ya sasa, na klarineti zao zilichongwa fupi kidogo. Hakuna binadamu ambaye angeweza kuioanisha na zile mpya. Jumapili alimweleza hivyo Bwana Nabiswa mbele ya bendi, akaomba Wesonga apewe ile nyingine iliyokamilika, iliyobaki kwa Mulwa, ya miaka ya hamsini. Wesonga alipuliza. Bwana Nabiswa akamshika bega. "Kumbe ni mimi nilikuwa nakuonea. Kaa mstari wa mbele." Mulwa aliomba ngoma, na sasa anasikika mtaa mzima.

Kuna aliyependekeza klarineti ya 1911 itupwe. Mzee alikataa. Alisema haina kosa lolote ikipigwa peke yake. Basi siku ya harusi yetu, bendi ilinyamaza, na nikaingia kanisani nikimfuata bwana harusi aliyekuwa akiipiga hiyo, yeye na sauti yake tu. Mzee alikaa na mkewe, Mama Triza, leso usoni, na sikuwahi kumwona fundi yeyote akiwa na furaha ile.

Mzee Shitanda, asante kwa kutufundisha kuuliza kwanza kitu kimetoka wapi kabla ya kukilaumu. Pumzika, ule ugali wa Mama Triza bila kuangalia saa. Sisi wa karakana tunakuombea afya, amani na miaka mingi ya furaha.

Rispa Wesonga (zamani Rispa Muasya), Mapokezi