Bi Malan na Pipa la Mwisho la Korki

Baada ya miaka thelathini na minne ya kutia sufu rangi, Bi Malan anastaafu rasmi tarehe 31 Agosti. Kamati ya kumuaga ilitafuta mwenye kalamu kali wa kuandika habari zake. Shule niliiacha njiani, ni kweli, lakini nani mwingine angeiweza kazi hii?

Yeye ndiye malkia wa korki, ule ukoga mweupe tunaoukwangua miambani na kuulowesha kwenye mkojo uliochacha mpaka utoe zambarau. Hapa kiwandani kila mwajiriwa mpya alipewa kopo lake. Aliyekwenda chooni aliitwa mwizi.

Mwaka huu miamba ilitupa korki ya pipa moja tu, na pipa hilo lilikuwa la shali za kwaya ya wanawake kwa Ólavsøka, sikukuu kubwa ya visiwa vyetu mwishoni mwa Julai. Likiharibika, hakuna jingine. Ukoga huota polepole mno. Basi askofu akaja kututembelea. Bi Malan, asiyeogopa hata tufani, akaona haya kwa ile harufu. Akafunika pipa, akaligandamiza kwa mawe, na baada ya kahawa na keki akalisahau. Korki bila hewa haigeuki.

Alipolifunua, ndani mlikuwa na rangi ya mashapo ya kahawa. Meneja Hanus akanong'ona, "Mama, tutawavisha matope?"

"Nimelifunika mwenyewe," akajibu. "Sasa nipishe, unanizibia upepo."

Akafungua madirisha yote, mvua ikiingia, akashika mwiko. Akakoroga asubuhi na jioni, hataki msaada, hataki maneno. Kila siku alichovya uzi. Kila siku ukatoka kahawia. Hanus akathubutu kutaja rangi ya dukani.

"Itaje tena," akamwambia, "nikuchovye wewe!"

Hata mimi, niliyejaliwa mdomo, nilikwenda kuchambua sufu.

Sikukuu ikiwa mlangoni, uzi ulitoka mwekundu uliofifia, kisha ukaiva zambarau mikononi mwake. Hakushangilia. Alikalia ndoo, akalia, nasi tukajifanya tunatazama kondoo kule nje ya dirisha.

Kwaya ilipoimba, watu walifumba macho kwa utamu. Bi Malan hakusikia hata ubeti mmoja: alikuwa akikagua shali, moja baada ya nyingine.

Asante, Bi Malan, kwa rangi na kwa matusi. Tunakuombea siku nyingi njema, na majirani wasio na pua nyepesi.